Padre Mmisionari Anaporudi Kazini Baada ya Likizo ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi. Mengine niliulizwa na wazee wa parokia mlangoni mwa sakristia, mengine na wamisionari wenzangu waliokuwa wakifunga mizigo au kuifungua, na machache niliulizwa na mama yangu mzazi. Mimi ni padre wa shirika la kimisionari. Nimekwenda likizo nyumbani na kurudi kazini mara tano, na moja ya marejeo hayo niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, kama nitakavyoeleza. Nimejibu kwa kirefu pale ninapoona watu wanaumia kwa kutojua. Penye jibu jepesi nimepita haraka.

Mmisionari si aliacha nyumbani kwa ajili ya Injili? Kwa nini tena aende likizo?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ana picha ya wamisionari wa zamani, na picha hiyo ina ukweli. Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon mwaka 1541 na akafa mwaka 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China, bila kuiona Ulaya tena. Damiano wa Molokai alifika Hawaii mwaka 1864, akahamia kwa wagonjwa wa ukoma kisiwani Molokai mwaka 1873, akafia kati yao mwaka 1889. Safari ya meli ilikula miezi, na wengi walizikwa kabla hata hawajaijua lugha ya watu waliotumwa kwao. Kutorudi nyumbani kulikuwa hali ya nyakati zile. Baadaye watu wakaifanya hali hiyo kipimo cha utakatifu, na hapo ndipo sikubaliani nao.

Tukisoma Matendo ya Mitume tunakuta desturi iliyo ya zamani zaidi. Katika sura ya 14, Paulo na Barnaba wanamaliza safari yao ya kwanza na kurudi Antiokia, kwenye kanisa lililowawekea mikono na kuwatuma. Wanalikusanya kanisa, wanasimulia yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao, kisha wanakaa na wanafunzi kwa muda usio mfupi. Katika sura ya 15 Paulo anamwambia Barnaba warudi kuwatazama ndugu katika kila mji walikohubiri, waone wako hali gani.

Wako hali gani. Kila ninachokisema katika majibu haya kinaegemea hapo. Paulo hakusema warudi kuendelea na kazi, wala kukagua kama maagizo yao yamefuatwa. Alitaka kujua watu wako hali gani. Tena tukumbuke kwamba safari hiyo ilianza kwa ugomvi juu ya Yohane Marko, hata Paulo na Barnaba wakaachana njia. Kurudi kazini kumekuwa kugumu tangu enzi za mitume.

Likizo inachukua muda gani? Padre wetu ameondoka kitambo sasa.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 283, zinampa kila kleri, yaani shemasi, padre au askofu, haki ya likizo ya kutosha kila mwaka. Kanuni ya 533 inamhusu paroko hasa: anaweza kuwa nje ya parokia kwa likizo mwezi mmoja kwa mwaka, mfululizo au kwa vipande, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kuzuia. Siku za mafungo yake ya kila mwaka hazihesabiwi humo. Akitoka kwa zaidi ya wiki moja, lazima amwarifu askofu.

Kwa aliye mbali na kwao, mwezi mmoja kila mwaka haumsaidii sana, maana nauli ni kubwa na safari inachosha. Ndiyo maana mashirika mengi yana utaratibu wao: mmisionari hukaa kazini miaka kadhaa bila kwenda kwao, kisha hupewa likizo ndefu zaidi kwa makubaliano kati ya mkuu wake na askofu wa jimbo analofanyia kazi. Kama ni mtawa, kanuni ya 665 inataka asikae nje ya nyumba ya shirika bila ruhusa ya mkuu wake. Ruhusa hiyo haivuki mwaka mmoja isipokuwa kwa matibabu, masomo, au utume unaofanywa kwa jina la shirika.

Padre akikawia, basi, ulizeni ofisi ya jimbo au mkuu wa shirika. Msiulizane ninyi kwa ninyi. Nimewahi kurudi nikakuta nimeshahamishwa, nimeugua saratani na nimeacha upadre, yote kwa miezi mitatu, kwa sababu tu ndege ilikosa nafasi na kibali kikachelewa.

Akiwa hayupo, nani ana mamlaka parokiani?

Padre aliyewekwa na askofu kwa muda huo. Kanuni ile ile ya 533 inamtaka askofu aweke taratibu ili parokia isibaki bila padre mwenye ruhusa zinazotakiwa. Maamuzi yaliyofanywa na padre huyo pamoja na halmashauri ya walei ni maamuzi halali ya parokia. Litilieni maanani hilo, maana tutalirudia.

Je, likizo ni mapumziko kweli?

Mara nyingi si mapumziko. Wiki za mwanzo ni hospitali: meno, macho, damu, shinikizo. Baadaye zinakuja ziara za ndugu, na kila nyumba inataka akae. Kisha parokia yake ya asili inamwomba ahubiri, shule aliyosoma inamwomba azungumze na wanafunzi, na wafadhili wanataka kusikia habari za kisima au zahanati. Ikiangukia mwezi wa Oktoba, kuna Dominika ya Kimisionari, iliyoanzishwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1926, na hapo hawezi kukataa mwaliko hata mmoja.

Marko anasimulia kwamba mitume waliporudi kutoka walikotumwa, Yesu aliwaita waende mahali pasipo na watu wapumzike kidogo, kwa kuwa hawakupata hata nafasi ya kula. Ndugu yangu mmisionari, tenga angalau wiki moja isiyo na mwaliko wowote, na uiweke mwishoni, karibu na siku ya kuondoka. Mimi nilikuwa naiweka mwanzoni, na kila mara ikaliwa na wageni.

Padre anapowahubiria watu wa kwao kuhusu sisi, anasema nini?

Mko sahihi kuuliza, na ningependa parokia nyingi zaidi ziulize. Mmisionari akiwa kwao hujaribiwa kusimulia mambo yatakayowafanya wasikilizaji watoe machozi, kisha sadaka. Anachagua picha ya mtoto aliyekonda kuliko wote. Anasimulia mwaka wa njaa na kuiruka miaka minne ya mavuno. Anasema "watu wangu" kana kwamba amewanunua.

Msimamo wangu ni huu: asiseme huko neno ambalo angeona aibu kulisema mbele ya watu wenyewe. Picha ya mtu ipigwe kwa idhini yake, na anayepigwa ajue itakwenda wapi. Picha ya mtoto iwe kwa idhini ya wazazi. Siri za kitubio hazitajwi kabisa, hata kwa kuficha majina. Mambo mengine ya ndani aliyoambiwa na watu nayo yabaki kwake, hata kama kule hakuna anayewafahamu.

Ninyi nanyi mna haki ya kumwagiza. Kabla sijaondoka mara ya nne, mwenyekiti wa halmashauri aliniuliza, "Baba, utawaambia nini habari zetu?" Tukakaa tukaandika pamoja mambo matano ambayo parokia ilitaka yajulikane. La kwanza halikuwa la shida hata kidogo. Lilikuwa kwamba vijana wetu wanne walikuwa seminarini. Nilipolisema mbele ya watu wa kwetu, ambao kwa miaka mingi hawajapata hata mmoja, kanisa zima lilinyamaza.

Aandae nini kabla ya kupanda ndege ya kurudi?

Karatasi kwanza. Pasipoti, viza au kibali cha kuishi, na barua kutoka kwa mkuu wake. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na miezi sita mbele ya tarehe ya safari. Kibali kinachokwisha katikati ya likizo kimewakwamisha wengi, kwa hiyo tarehe zake ziangaliwe kabla ya kukata tiketi ya kwenda, si ya kurudi. Abebe pia barua ya utambulisho ya upadre, ile inayotajwa katika kanuni ya 903, inayomruhusu kuadhimisha Misa mahali asipojulikana. Isiwe ya zamani mno.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, na tangu Julai 2016 kinahesabiwa kuwa halali kwa maisha yote. Wapo bado wanaochanjwa upya kila miaka kumi kwa mazoea tu.

Na dawa za malaria, ikiwa anarudi penye malaria. Malaria nimeipa swali lake hapa chini, maana imeua watu.

Padre amekaa miaka kumi na tano huku. Kwa nini aogope malaria?

Kwa sababu mwili unasahau. Mtu anayeishi muda mrefu mahali penye malaria na kuumwa mara kwa mara hujenga kinga kiasi, si kamili. Akikaa mbali kwa miezi mingi, kinga hiyo inapungua. Anarudi akijiona mwenyeji, analala bila chandarua, na homa anayodhani ni ile ya kawaida inamwangusha vibaya. Anayetoka likizo ndefu ashauriane na daktari kama msafiri mwingine yeyote. Dawa za kinga hutofautiana: doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika, wakati meflokwini huanzwa wiki mbili au tatu kabla.

Upande wa pili nao ni wa hatari, ule wa kwenda. Mmisionari anafika kwao, wiki ya tatu anapata homa, na daktari wa kule anadhani ni mafua. Neno la kwanza kumwambia daktari liwe: nimetoka mahali penye malaria, nipimeni damu leo. Malaria kali zaidi kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu, lakini ipo aina inayojificha kwenye ini na kuamka baada ya miezi mingi, hata miaka. Mwaka mzima baada ya safari, akipata homa asiache kusema neno hilo.

Kwa nini siku za kwanza padre anaonekana mzito, kama mtu asiyetutaka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa uchungu. Watu walisafisha nyumba yake, wakaimba, wakamsubiri barabarani. Naye ameshuka garini, ameshukuru kwa maneno machache, ameingia chumbani na kufunga mlango. "Ametuchoka," watu wanasema.

Huenda ni mambo matatu, na yote matatu hayawahusu.

La kwanza ni mwili. Mtu akivuka majira mengi ya saa, mwili huchukua takribani siku moja kwa kila saa ya tofauti ili kujipanga upya, na safari ya kuelekea mashariki husumbua zaidi kuliko ya kuelekea magharibi. Saa nane za usiku yuko macho, na saa nane za mchana kichwa kinaanguka. Hilo linapita lenyewe.

La pili ni kuhama dunia mara mbili. Wataalamu wa mambo ya jamii walianza zamani kuandika juu ya mshtuko wa mtu anayeingia katika utamaduni mgeni. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg ndiye aliyelieneza neno hilo miaka ya 1950. Mwaka 1963 mtu na mkewe, John na Jeanne Gullahorn, walionyesha kwamba mshtuko huo humpata mtu tena anaporudi kwao. Mmisionari, basi, alipofika nyumbani alijikuta mgeni. Rafiki zake wanazungumza mambo asiyoyajua, kiti chake mezani kina mtu mwingine, wadogo zake wamekuwa watu wazima bila yeye. Alipoanza kuzoea, siku ya kuondoka ikafika. Anawafikia ninyi akiwa ametoka kung'olewa mahali ambapo mizizi ilikuwa inaanza kushika upya. Atakuwa na siku ambazo hajui yuko wapi. Anaamka na kutafuta swichi ya taa ukutani mwa chumba cha mama yake.

La tatu ni lile lisilosemwa. Amewaaga wazazi wazee. Kila mmoja wao amejua, na hakuna aliyesema, kwamba inaweza kuwa mara ya mwisho. Baba yangu mara ya mwisho hakuja uwanjani. Alisema miguu inamuuma, akabaki kwenye kiti chake, akanipa mkono bila kuinua macho. Niliubeba ule mkono wake moyoni safari nzima, nikawafikia waamini wangu wakiwa wanaimba. Sikuwa na sauti ya kuimba nao, na nilipotaka kueleza sababu nikaona sina maneno.

Mkimwona padre yuko hivyo, msimsukume. Mpeni wiki mbili. Mletee chakula, mwamkie, msimwite mkutanoni.

Tumpokeeje, basi? Tusifanye sherehe?

Fanyeni, ila si siku ile anayofika. Siku ya kuwasili, watu watatu au wanne wanatosha: aliyekaimu nafasi yake, katekista, mwenyekiti, na mtu atakayempikia. Sherehe iwekwe Dominika ya pili.

Na katika sherehe hiyo mmoja wenu amuulize habari za nyumbani kwao. Mama hajambo? Yule kaka aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje? Msidhani ni swali dogo. Nimeona risala ndefu za kumkaribisha padre zilizotaja paa la kanisa, deni la gari, ukuta wa makaburi na uhaba wa viti, na hakuna mstari mmoja uliouliza kama wazazi wake wako hai.

Afanye nini wiki za mwanzo?

Hapa nasema na wenzangu mapadre, na nasema nikiwa nimekosa.

Niliporudi kutoka likizo ya tatu nilikuta padre aliyekaimu ameiwahisha Misa ya pili ya Dominika kwa saa moja na nusu. Sikupendezwa. Ratiba ile ya zamani niliipanga mimi, kwa hesabu zangu. Dominika yangu ya kwanza, kwenye matangazo, nikatangaza kwamba tunarudi kwenye saa za zamani. Hakuna aliyenijibu. Baada ya Misa mzee mmoja alinifuata akaniambia kwa upole, "Baba, ungeuliza tu." Nikauliza, nimeshachelewa. Kumbe kwa ratiba yangu ya zamani waamini wa kigango cha mbali, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, walikuwa wakifika kwao gizani, na mama mmoja alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga njiani. Halmashauri ilikaa, ikajadili, ikaamua. Mimi nilikuwa nimelifuta jambo hilo kwa sentensi moja kutoka altareni. Ilinichukua miezi miwili kujishusha na kuirudisha ratiba yao, na kwa miezi ile miwili watu wale walitembea usiku kwa ajili yangu.

Tangu hapo ninajiwekea sharti: siku 30 za kwanza sibadilishi kitu. Nasikiliza. Natembelea vigango vyote, hata kama ni kwa saa moja moja, na sibebi shajara ya mipango. Nauliza nani amezaliwa, nani amefunga ndoa, nani ameondoka kanisani na kwa nini. Kabla ya yote nauliza nani amefariki. Nawaomba makatekista wanipe orodha ya majina, na wiki ya kwanza naenda kwenye nyumba hizo moja moja, maana waliwazika wapendwa wao nami sikuwepo. Kwa mmisionari hakuna kazi ya haraka kuliko hiyo. Ofisi itasubiri.

Baada ya hapo ndiyo yaje makabidhiano. Aliyekaimu apewe nafasi ya kueleza, wawili wakiwa wamekaa, bila haraka. Vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu viangaliwe kama vimejazwa, kwa sababu kanuni ya 535 inamtaka paroko ahakikishe vimeandikwa vizuri na kutunzwa. Daftari la nia za Misa, yaani maombi ambayo waamini wameomba Misa iadhimishwe kwa ajili yake, lipitiwe ili zijulikane zilizoadhimishwa na zilizobaki. Hesabu za fedha zisomwe mbele ya mweka hazina. Na aliyekaimu ashukuriwe hadharani, kwa jina, kwenye Misa. Wengi wetu tunasahau hilo, na yeye anaondoka na kinyongo anachostahili kuwa nacho.

Amerudi na fedha. Ni za nani?

Inategemea aliyezitoa alisema nini. Kanuni ya 1267 iko wazi: kilichotolewa na waamini kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Mtu aliyetoa kwa ajili ya madawati ya shule, fedha zake haziendi kwenye paa la kanisa, hata kama paa linavuja. Na sadaka anazopewa padre kama mkuu wa taasisi ya Kanisa huchukuliwa kuwa ni za taasisi, isipokuwa ikithibitika vingine. Kama ni mtawa, kanuni ya 668 inasema anachokipata kwa kazi yake au kwa ajili ya shirika ni mali ya shirika.

Sadaka za nia za Misa alizokabidhiwa huko zina sheria zake. Kila nia iliyotolewa sadaka inaombewa kwa Misa yake peke yake (kanuni ya 948). Hakuna ruhusa ya kupokea nia nyingi kuliko padre mwenyewe anazoweza kuzitimiza ndani ya mwaka mmoja (kanuni ya 953). Akimgawia padre mwingine baadhi ya nia hizo, ampe na sadaka yake nzima bila kukata, isipokuwa kama ni hakika kwamba kilichozidi kiwango cha jimbo alipewa yeye binafsi (kanuni ya 955). Kwa njia hiyo nia zinazotoka mbali huwasaidia kwa halali mapadre wasio na kipato.

Na ile michango ya Dominika ya Kimisionari, hata kama yeye ndiye aliyehubiri, si yake wala ya parokia yenu. Huenda kwenye mfuko wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, unaogawiwa kwa makanisa machanga ya dunia nzima. Msimdai.

Ushauri wangu wa utendaji: ndani ya mwezi mmoja wa kurudi, padre asome mbele ya baraza la fedha la parokia alichopokea kwa ajili ya parokia, kutoka wapi bila kutaja majina ya wasiotaka kutajwa, na kwa kusudi gani. Uvumi wa fedha za padre umevunja parokia nyingi kuliko ufukara. Mara nyingi padre huyo hakuiba hata senti. Alinyamaza tu.

Lugha imemponyoka kidogo. Tumsahihishe?

Ndiyo, kwa faragha, na mapema. Lugha hurudi yenyewe ndani ya wiki chache. Katika mahubiri ya Dominika ya kwanza asome alichokiandika.

Inawezekana akarudi na kusema anataka kwenda kwao moja kwa moja?

Inawezekana, na si lazima iwe usaliti. Wengine wamekutana na wazazi wasio na wa kuwatunza. Wengine wamegundua ugonjwa. Wengine kazi waliyotumwa kuifanya imekwisha: kanisa la mahali lina mapadre wake, na huo ndio mwisho uliotarajiwa tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya Ad Gentes, juu ya kazi ya kimisionari, mwezi Desemba 1965.

Utaratibu hutegemea yeye ni padre wa namna gani. Wapo mapadre wa jimbo waliotolewa na maaskofu wao kwa muda, wanaoitwa fidei donum kutokana na waraka wa Papa Pius wa Kumi na Mbili wa mwaka 1957, uliowaomba maaskofu wagawane mapadre na Afrika hasa. Hao hubaki kuwa wa jimbo lao la asili. Chini ya kanuni ya 271 kuna mkataba wa maandishi, na askofu wake anaweza kumwita arudi kwa sababu ya haki. Walio wa mashirika huamuliwa na wakuu wao wakishauriana na askofu.

Kwa aliye katika hali hiyo: usiamue ndani ya miezi mitatu ya kwanza baada ya kurudi. Moyo katika muda huo bado uko njiani. Zungumza na mshauri wako wa kiroho, mwandikie mkuu wako, na uwaambie waamini wakati uamuzi umeshafanyika, kwa mdomo wako mwenyewe.

Mzazi akifariki muda mfupi baada ya padre kurudi kazini, atakwenda kuzika?

Wakuu wengi huruhusu, iwezekanapo. Lakini mara nyingi mazishi yanakuwa yamepita kabla hajapata nafasi ya ndege. Hapo anabaki nanyi, na ninyi ndio ukoo wake.

Mwaka ule baba yangu alipofariki, wiki ya saba tangu nirudi, sikuwahi. Nilipata habari asubuhi. Jioni ile jumuiya tatu zilikuja nyumbani kwa mapadre bila kuitwa, wakakaa nje kimya, wakasali rozari, wengine wakalala pale pale. Siku ya pili mzee yule yule wa "ungeuliza tu" aliomba jina la baba yangu ili liandikwe katika daftari la marehemu wa parokia. Kisheria haikuwa mahali pake, maana hakufia wala kuzikwa pale. Tuliliandika kwenye daftari la kuwaombea mwezi wa Novemba, na linasomwa kila mwaka hadi leo na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Sisi familia tuliobaki nyumbani tumfanyie nini?

Mama yangu ndiye aliyeniuliza hili, kwenye simu, mwezi mmoja baada ya mazishi. Nilimjibu hivi, nami nawajibu ninyi vivyo hivyo. Mpigieni siku za kawaida, msingoje sikukuu. Mwambieni nani anaoa, ng'ombe yupi amezaa, jirani yupi amehama, ili akirudi tena asiwe mgeni mezani kwenu. Na ugonjwa msimfiche. Tunaweza kubeba habari mbaya tukiwa mbali. Kuzijua tukiwa tumechelewa ndiko kunakotulemea.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia goti lake la kushoto limevimba tangu Pasaka.